Karibu miaka miwili napiga picha ndege wa bustanini kupitia dirisha la nyumbani, Iwambi Mbeya. Karibuni, nanyi mseme mnaowaona kwenu

#1 Mama Cherehani

Wakuu habari zenu. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni fundi nguo, nashonea nyumbani hapa Iwambi. Cherehani nimeiweka dirishani kufuata mwanga, na dirisha linatazama bustani ya nyuma. Ni bustani ya kawaida: mpera mmoja, mparachichi, migomba mitatu, matembele, na mstari wa mishubiri aliyopanda mama mkwe enzi za uhai wake. Miaka yote niliyokaa hapo ndege nilikuwa nawajua kwa majina matatu: njiwa, kunguru na vindege.

Mwaka juzi mwezi wa sita, baridi ile yetu mnaijua, mishubiri ikatoa maua. Asubuhi moja akatua ndege mweusi, mkia mrefu, mdomo umepinda kama sindano ya kushonea magunia. Akauchomeka kwenye ua, akageuka, jua likampata ubavuni, na ule weusi wote ukawaka: shaba, dhahabu, zambarau kwa mbali. Nilikuwa napachika zipu ya mtu. Niliiacha hapohapo.

Nikachukua simu, nikamvuta karibu mpaka mwisho, nikapiga. Nikapata doa jeusi. Nikatoka nje nimfuate, akahamia kwa jirani. Wiki nzima ikawa hivyo, mimi nanyata yeye anahama. Nina picha zaidi ya mia mbili za wiki ile na hakuna hata moja inayoonyesha jicho.

Mambo yalibadilika siku nilipokosa nafasi ya kutoka. Zilikuja sare za shule, nikabanwa na kazi, nikawa namtazama tu kupitia dirishani huku nashona. Siku ya tatu nikaona kwamba yule ndege ana njia yake. Anaanza maua ya kushoto, anamalizia ya kulia, kisha anatua kwenye kijiti kilekile cha mpera, anafuta mdomo huku na huku kama mtu anayenoa kisu, ndipo anaondoka. Baada ya nusu saa hivi anarudi na kufanya vilevile. Basi nikaacha kumfukuzia. Alfajiri iliyofuata, kabla hajaja, niliegemeza simu kwenye tofali hatua mbili kutoka kwenye kile kijiti, nikagusa kioo na kukishikilia mpaka fokasi ikajifunga pale pale, nikachomeka earphone za waya ndefu niliyoiunga, nikarudi kwenye cherehani. Wengi hawajui: kwenye simu nyingi, kamera ikiwa wazi, kile kitufe cha kuongeza sauti kwenye earphone kinapiga picha. Akaja, akatua, nikabonyeza. Jicho lilionekana, na ndani ya jicho kulikuwa na nuru ya mbingu.

Baadaye nikajua jina lake, chozi. Wapo wa aina nyingi, huyu wangu ni dume la wale wa rangi ya shaba. Jike lake lina njano tumboni na michirizi, halina mkia ule, na nilikuwa namwona siku zote nikidhani ni ndege mwingine kabisa.

Tangu hapo kurasa za nyuma za daftari langu la vipimo vya wateja ni za ndege. Tarehe, saa, alikuwa anafanya nini, katua wapi. Nimefikisha aina 31 bila kuvuka uzio. Nataka kujua wenzangu wa Nyanda za Juu Kusini mnaona nini kwenu: Iringa, Njombe, Rungwe, Mbozi, Makete. Na mwenye swali aulize, nilichojifunza nitasema.

#2 Kijana wa Tukuyu

Mama shikamoo. Ndaga fijo kwa uzi huu, nilikuwa nautafuta bila kujua.

Mimi niko Tukuyu, nyumbani kuna migomba na chai kidogo. Tangu mwezi wa kumi na mbili kuna ndege mmoja mdogo, mgongo mweusi, tumbo jeupe, mdomo mwekundu sana, mkia kama nyuzi nne ndefu kupita mwili wake. Nikimwaga chenga za mahindi nje anawafukuza wote, hata tetere ambaye ni mkubwa kwake mara nyingi. Akimwona jike fulani wa kahawia anapepea juu yake anaruka juu chini kama ananing'inizwa na kamba. Ni nani huyu? Na kwa nini mkorofi hivi?

#3 Mama Cherehani

Marahaba mwanangu. Huyo ni fumbwe, na ulivyomweleza hakuna wa kumchanganya naye.

Ukorofi wake ni wa msimu. Mkia ule anauota mvua zinapoanza, ndiyo wakati wa kutafuta majike, na mahali penye chakula anapafanya pake. Kwangu daftari linasema mkia ulionekana mwishoni mwa Novemba, na mwezi wa tano ulikuwa umeshakatika. Baada ya hapo usije ukadhani amehama. Anabaki, ila anavaa kahawia yenye michirizi kama shomoro. Kinachomtambulisha ni ule mdomo mwekundu.

Sasa jambo kubwa zaidi. Fumbwe hajengi kiota wala halei. Jike hutaga kwenye viota vya mshigi, yule kindege mdogo wa kijivu mwenye mdomo mwekundu na mstari mwekundu unaopita jichoni, wanaotembea makundi kwenye majani. Mshigi analea kinda la fumbwe pamoja na ya kwake. Kinda la fumbwe halitupi wenzake nje ya kiota kama makinda ya baadhi ya kekeo, wanakua wote. Ukiona mshigi karibu nawe, angalia kuanzia sasa mpaka mwezi wa tano. Kupata picha ya mshigi akimlisha mtoto asiye wake ni kitu ninachokitamani na sijakipata.

#4 Mkulima Mbozi

Nawasalimu. Mimi nitasema tofauti, msinichukulie vibaya. Nina mipapai, nyanya na mchicha hapa karibu na Vwawa, na ndege kwangu ni hasara. Wale wa kijivu wenye mkia mrefu na kishungi, wanatembea kumi kumi, papai likianza tu kuiva wameshalitoboa. Watoto nawaruhusu wawapige manati. Sasa mtu akiniambia niwawekee maji na kijiti cha kutua, naona kama ananiambia nimkaribishe mwizi sebuleni.

#5 Mama Cherehani

Kaka, hasara yako naielewa, papai la kuuza ni pesa. Hao ni kuzumburu, wengine wanawaita pasa. Kwangu walimaliza mchicha wote mwaka wa kwanza.

Nilichofanya: mche mdogo naufunika na chandarua kilichochakaa, kimevutwa kikakaza ili ndege asinase mguu. Tunda linaloanza kugeuka rangi nalivalisha kiroba. Na papai moja, lile lililopinda au kupasuka, nawaachia juu ya mti. Tangu niwaachie hilo moja wanashughulika nalo siku tatu nne na mengine yanapata muda wa kuvunwa.

Manati nakuomba uyafikirie upya. Kwanza Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kuua au kukamata wanyama wa porini bila kibali, na ndege wamo. Pili, mtoto mwenye manati hachagui. Atampiga kuzumburu leo, kesho atampiga shakevale anayekulia nzi na viwavi.

Na siku moja ya baridi waangalie hao kuzumburu saa moja na nusu asubuhi. Wananing'inia kwenye tawi wamekumbatiana, matumbo yote yameelekea juani, wanaota moto. Majani waliyokula yanasagika vizuri tumbo likipata joto. Nina picha ya saba wamebanana kwenye tawi moja la mparachichi, ukungu nyuma, na kila mmoja ameweka mguu wake begani kwa mwenzake. Nimeichapisha, iko ukutani.

#6 Mkulima Mbozi

Nimekusikia mama. La papai moja nitajaribu, halina gharama.

Kuna jambo limenisumbua muda mrefu, na kwa kuwa tunaongelea ndege niulize. Kwenye seng'enge ya uzio wangu huwa nakuta panzi wamechomwa kwenye miiba, wamekauka, wakati mwingine mjusi mdogo. Mama watoto aliogopa sana, akasema tumewekewa kitu. Alitaka tuhame upande ule wa shamba.

#7 Mwalimu Ipogolo

Kamwene wote. Nijibu hili kabla ya salamu ndefu.

Ndugu yangu, mwambie shemeji alale usingizi. Huyo ni mbwigu. Ndege mweusi juu, mweupe chini, ana alama nyeupe begani inayofanana na herufi V akikupa mgongo, anakaa peke yake kwenye waya au ncha ya mti akitazama chini. Akikamata panzi zaidi ya anaowahitaji anawachoma kwenye mwiba au seng'enge, ndiyo ghala lake. Miguu yake haina nguvu kama ya mwewe, kwa hiyo mwiba unamsaidia pia kushikilia nyama wakati anachana kwa mdomo. Kaa mbali kidogo asubuhi utamwona mwenyewe akirudi kuchukua. Na kila panzi aliye pale ni panzi ambaye hayupo kwenye mchicha wako.

#8 Mkulima Mbozi

Nimemsomea mama watoto ujumbe huu mara mbili. Mwalimu, Mungu akubariki. Huyo ndege namjua, anakaa kwenye nguzo ya pembeni kila siku.

#9 Mwalimu Ipogolo

Amina. Sasa nije kwenye uzi.

Niko Iringa, Ipogolo, si mbali na mto Ruaha Mdogo. Nafundisha, na nina kamera ya mtumba yenye lenzi ya milimita 70 hadi 300. Kwetu hapa nyota ya bustani ni kurumbiza: kifua na koo rangi ya chungwa, nyusi nyeupe, anaanza kuimba kungali giza na anamaliza giza likiwa limeingia. Jioni nyingine wanakuja kasuku wadogo wa kijani, kichwa cheusi, shingo ya njano, duara jeupe kuzunguka jicho. Wale asili yao ni Tanzania peke yake, na watu wanawakamata kuwafungia kwenye vizimba huku tunao bure mitini.

Mama ameeleza kuhusu chozi kuwaka na kuzima. Ngoja niseme kwa nini, kwa sababu ukijua sababu utapata picha. Rangi ile haimo kwenye unyoya kama rangi ilivyomo kwenye kitambaa. Unyoya wenyewe ni mweusi, una tabaka nyembamba sana zinazorudisha mwanga, jambo lilelile linalotokea kwenye povu la sabuni. Mwanga ukija kwa pembe nyingine, rangi inapotea. Kwa hiyo kwa chozi jua liwe mgongoni kwako na ndege awe mbele, hapo atawaka. Ukimpiga jua likiwa nyuma yake utapata kivuli chenye mdomo. Shorobo ni kinyume. Wekundu wa mabawa ya shorobo ni rangi halisi, ndani yake mna madini ya shaba, hata akiwa kivulini ukimwona anaruka ni mwekundu vilevile.

Kwa wenye kamera: ndege aliyetua bado anatikisa kichwa kila wakati, kasi ya shata (muda kamera inaofunguka kupiga) isishuke chini ya 1/1000 ya sekunde kama mwanga unaruhusu. Chozi akiwa anapepea mbele ya ua, nendeni 1/2000. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, msiogope kuipandisha. Picha yenye chembechembe inavumilika, iliyotikisika haina dawa. Ndege mweusi juu ya mti na mbingu nyeupe nyuma, kamera itadanganyika na kumfanya mweusi tii, ongezeni mwanga kidogo. Kunguru shingo nyeupe wa milimani ni mtihani: ukimulika mwili, lile doa la shingo linaungua. Mimi nalinda lile jeupe kwanza.

Na mandhari ya nyuma. Watu wanahangaika na lenzi huku nyuma ya ndege kuna ndoo na kamba ya nguo. Kijiti chenu kiwekeni mbali na ukuta au ua, hatua nne tano, nyuma kutakuwa laini kama rangi ya maji.

#10 Binti Makete

Habari zenu. Nawasoma nikiwa nimejifunika blanketi.

Huku tuko juu sana, karibu na Hifadhi ya Kitulo, ile iliyotangazwa mwaka 2005 na wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Watu wanakuja kuanzia Desemba mpaka Aprili kwa ajili ya maua. Nataka niwaambie waje na kwa ndege. Kuna mbayuwayu wa buluu, mwembamba, nyuzi za mkia ndefu, anakuja mvua zikianza, anataga kwenye mashimo yaliyomo ardhini katikati ya majani, kisha anaondoka kwenda kaskazini upande wa Ziwa Victoria. Wamebaki wachache duniani kwa sababu nyanda za majani zinalimwa na kupandwa miti. Nikiwa mdogo nilidhani mbayuwayu wote ni wale wa chini ya dari ya shule.

Bustanini kwangu nina viazi, kabichi, na yale maua marefu kama mwenge, mekundu juu na njano chini. Hayo ndiyo chozi wa kijani anayapenda, yule mwenye mkia mrefu. Mvua zikikolea dume anakuwa kijani kizito chote, akipandwa na hasira anafungua manyoya ya njano mabegani. Picha yangu ya hiyo njano ina ukungu lakini siifuti.

Tatizo langu ni baridi. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi kuna umande ulioganda, betri ya simu inaisha ghafla, na lenzi inapata mvuke. Mnafanyaje?

#11 Mama Cherehani

Mwanangu, mvuke unakuja kitu na hewa inayokizunguka vikipishana joto. Simu iache kwenye dirisha lililo wazi kwa robo saa kabla ya kuanza, ifanane na hali ya nje. Betri, kama ya simu yako inatoka, ikae kifuani ndani ya sweta mpaka dakika ya mwisho. Na kabla ya jua kufika bustanini usijisumbue, ndege wenyewe wamejikunyata. Jua likigusa tu tawi la kwanza, hapo ndipo wanapokimbilia wote, na mwanga ni wa dhahabu.

#12 Kijana wa Tukuyu

Mama, kuna kiota cha chozi kwenye mchungwa nje ya mlango. Kinaning'inia kama kifuko, kina kipaa kidogo juu ya tundu. Majani yamekiziba. Nikikata matawi mawili nitapata picha nzuri sana ya mama akilisha. Nikate?

#13 Mama Cherehani

Usikate. Naomba sana usikate.

Nitakwambia kilichonitokea, na sipendi kukisimulia. Mwaka jana mwezi wa pili chozi wangu jike alijenga kwenye mparachichi. Alijenga peke yake, dume anaimba tu. Alifuma majani makavu kwa utando wa buibui aliokuwa akiuchukua kwenye kona ya dirisha langu, nilikuwa nauona mdomo wake umevikwa utando kama uzi wa pamba. Tangu siku ile kona ile siipigi fagio. Akataga, akaatamia kama wiki mbili, na nilipoanza kusikia sauti ndani nikataka picha. Jani moja lilikuwa linaziba tundu. Nikaleta mkasi wa kazini, nikakata jani hilo na lingine la juu yake. Nilipata picha kumi na nane siku ile. Makinda mawili, midomo wazi, mama ameleta buibui.

Kesho yake saa nne kunguru alikuja moja kwa moja. Lile jani ndilo lilikuwa mlango wao. Nilitoka nikipiga kelele na nguo mkononi, nikakuta kifuko kimechanwa. Jike alizunguka pale siku mbili na mdomo umebeba wadudu.

Zile picha kumi na nane hakuna mtu amewahi kuonyeshwa. Tangu hapo kiota nakipiga kutoka nilipoketi, kama hakionekani basi hakionekani. Hata kusimama karibu mara kwa mara kunatosha kumwonyesha kunguru njia, ana akili, anakutazama unapotazama. Subiri watoke. Siku wanayotoka wanakaa kwenye matawi ya chini, wazi kabisa, wanalishwa hapo siku kadhaa, na picha zake ni nzuri kuliko za kiotani.

#14 Kijana wa Tukuyu

Sikati. Pole mama.

#15 Njombe Parachichi

Wakuu, nimefika nimechelewa. Mimi nalima parachichi hapa Njombe. Nilichokiona mwenyewe: upande wa shamba ninaopulizia dawa mara kwa mara hakuna chozi, hakuna shakevale, kimya. Upande wa nyumbani ambako sipulizii wapo. Chozi wanaonekana kama wanakunywa asali ya maua tu, lakini makinda wanalelewa kwa wadudu na buibui, kama mama alivyosema. Nimeanza kupulizia jioni, pale tu ninapoona mdudu kweli, na si kwa kalenda.

Swali langu ni bundi. Kuna bundi mweupe usoni, uso kama moyo, amehamia kwenye dari ya stoo ya mahindi. Usiku anakoroma na kupiga kelele kama mtu anachana turubai. Majirani wamenitumia mjumbe niwaruhusu wamuue, wanasema atatuletea msiba. Mzee mmoja aliumwa wiki ileile, sasa ndiyo wamethibitisha. Nifanyeje?

#16 Mwalimu Ipogolo

Huyo ni babewana, bundi wa ghalani. Watu wa rika langu wote tumelelewa na hofu hiyo, sitaidharau, maana mtu akiwa na mgonjwa ndani na bundi analia juu ya paa moyo unadunda. Lakini fanya hivi. Chini ya anapolala kuna vidonge vyeusi vikubwa kama kidole gumba, vimekaa kama vinyweleo vilivyokandamizwa. Si mavi. Bundi humeza panya mzimamzima, kisha hutapika mifupa na manyoya yaliyokunjwa kwenye donge. Loweka madonge machache kwenye maji ya moto yenye sabuni, vaa glovu, yachambue kwa vijiti viwili juu ya karatasi nyeupe. Utapata mafuvu ya panya, taya na meno yake ya njano mbele. Mimi nilifanya na wanafunzi, donge moja likatoa mafuvu matatu.

Yapange mafuvu hayo mezani, waite majirani mchana kweupe, uwaonyeshe yametoka wapi. Wote wana mahindi ndani. Na tafadhali usiweke sumu ya panya stoo hiyo. Panya aliyekula sumu akiliwa na bundi, bundi naye anakufa.

Picha yake usimpige na mwanga wa flashi usiku. Jioni kwenye saa kumi na mbili na nusu atakuja mlangoni mwa dari kuangalia nje kabla ya kuruka. Simama kando, umsubiri hapo.

#17 Njombe Parachichi

Jumapili baada ya ibada niliwaita. Tulipata mafuvu kumi na tisa kwenye madonge saba. Jirani aliyekuwa mkali kuliko wote aliyahesabu mwenyewe, akayahesabu tena, akaniuliza kama huyo ndege anaweza kuhamia na kwake. Mzee bado anaumwa, tumempeleka hospitali, tumuombee.

#18 Bibi wa Kuku, Uyole

Wapendwa, mimi swali dogo. Nina kuku wa kienyeji. Ndege wa porini wakinywa maji pamoja na kuku, kuna shida?

#19 Mama Cherehani

Ipo bibi. Kideri kinaweza kwenda huku na huku. Kuku wachanjwe kwa ratiba, na chombo cha ndege wa porini kikae mbali na banda, kuku wasikifikie. Mimi natumia sinia la bati lenye kina cha vidole viwili, na jiwe katikati ili kindege kisizame. Liko juu ya kisiki kirefu, paka asirukie. Maji namwaga kila siku na kusugua sinia kwa brashi na maji ya moto kila baada ya siku mbili. Sinia chafu ni bora lisiwepo.

Chakula naweka kidogo, ulezi na mtama, kiangazi tu. Mkate na chumvi siweki. Kuna aliyenishauri maji ya sukari kwa ajili ya chozi, yanachacha haraka sana juani, nikaona heri nipande. Mishubiri inawalisha wakati wa baridi, ua la mgomba mwaka mzima, na brashi nyekundu ya yule mti wa mapambo inajaza pengo la kiangazi.

#20 Fundi Simu Soweto

Mkuu, picha zote hizi zinaishia kwenye simu? Simu ikiibiwa je?

#21 Mwalimu Ipogolo

Swali zuri. Kuna programu ya bure inaitwa eBird, ya Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani. Unaandika mahali, tarehe, saa, muda uliotazama, ndege na idadi yao, unapachika na picha. Wanayo nyingine ya Merlin, unaipa picha inakupendekezea jina. Isikilizeni lakini msiiamini yenyewe tu, wale wa kahawia inawachanganya kama inavyotuchanganya sisi. Tanzania ina aina zaidi ya 1,100 za ndege, na kwenye ramani za eBird vijiji vyetu vingi huku kusini ni vyeupe, hakuna aliyeandika kitu. Orodha ya Mama ya Iwambi, yenye tarehe za karibu miaka miwili, ina thamani kuliko ya mgeni aliyepita siku moja. Ila mahali pa kiota na pa wale kasuku wadogo msiandike kwa usahihi, wakamataji nao wanasoma.

#22 Mama Cherehani

Mwanangu wa mwisho ananiingizia, nasoma yeye anaandika. Tumefika mwezi wa tisa wa mwaka juzi.

#23 Kijana wa Tukuyu

Mama uko?

Nimekaa kwenye kibaraza siku ya nne leo, nimefanya kama ulivyosema, kijiti kimoja, simu kwenye tofali, sijasogea. Makinda ya chozi yametoka juzi, mawili, nimewapiga wakiwa tawi la chini. Lakini sicho nilichokuja kusema.

Leo saa mbili na dakika kumi asubuhi, kwenye majani ya pembeni ya chai, walikuja mshigi watano. Mmoja alikuwa na watoto wanaotetemesha mabawa wakiomba chakula. Wawili wanafanana naye, wadogo, midomo myeusi bado. Wa tatu amepauka, kahawia tupu, hana ile mistari myembamba mwilini wala ule wekundu wa jichoni, na anaonekana mkubwa kidogo. Mshigi akamlisha. Nimepiga picha sita, mbili zimetikisika. Kwenye moja mdomo wa mshigi uko ndani ya mdomo wake.

Ni yeye?

#24 Mama Cherehani

Ni yeye. Nimeikuza picha mpaka mwisho, mikono inanitetemeka. Kahawia tupu, hana mistari, mshigi anamlisha. Ni mtoto wa fumbwe.

Mwanangu, andika tarehe, saa, hali ya hewa na ni majani gani walikuwa wanakula, leo hii kabla hujalala. Usiwasogelee, na wasikatiwe yale majani ya pembeni ya chai mpaka mwezi wa sita. Wataendelea kuja hapohapo siku kadhaa. Kijiti kiache kilipo. Kesho anza saa moja na nusu, jua likiwa mgongoni kwako.